Ukocha kwa wateja wenye ADHD, usonji au disleksia: namna ya kukipanga kikao upya

Kikao cha kawaida cha ukocha kina umbo linalojulikana: dakika 60, viti viwili vinavyotazamana, swali pana la kufungulia, kimya kifupi, lengo, hatua tatu, kisha tuonane wiki ijayo panapo majaliwa. Umbo hilo linamdai mteja mambo ambayo hakuna aliyemuuliza kama anayaweza. Linamtaka akumbuke mazungumzo ya saa nzima bila kuandika. Linamtaka ajue anavyojisikia na aweze kulitaja. Linamtaka aanze kazi peke yake siku tatu baadaye, bila mtu wala kitu cha kumsukuma. Mtu mwenye ADHD (shida ya kushika umakini na kutulia), usonji (tofauti katika kuwasiliana na watu na kupokea sauti, mwanga na harufu) au disleksia (shida ya kusoma na kuandika) aweza kuwa hodari kumshinda kocha wake, na bado akakwama kwenye dai moja tu kati ya hayo. Hapo ndipo kocha anaposema mteja "hajajitolea". Sisi tunasema mpango ukikatika, tafuta ulipokatikia, kisha pabadilishe hapo.

Maelezo haya ni ya makocha wa kazi, biashara na maisha walioko Mombasa, wanaohudumia watu wazima. Matibabu hayamo. Kocha hapimi, hampi mtu jina la hali, wala hagusi dawa.

Kabla ya kikao cha kwanza

Usidai barua ya daktari. Watu wazima wengi hawajawahi kupimwa, na mabadiliko yote utakayoyasoma hapa hayahitaji cheti. Vilevile usijaribu kupima mwenyewe kwa orodha ya dalili iliyozunguka kwenye simu. Mwongozo wa uchunguzi wa Marekani uliotolewa 2013, DSM-5, unataka mtu mzima, ili aitwe mwenye ADHD, awe na dalili angalau tano za aina moja (za kukosa umakini, au za kutotulia na pupa), na baadhi yake ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12. Hiyo ni kazi ya mtaalamu anayechimba habari za utotoni, pengine kwa kumuuliza mama au shangazi. Jambo jingine lililobadilika mwaka huo linamgusa kocha moja kwa moja: mtu mmoja aliruhusiwa kupewa majina yote mawili, usonji na ADHD, ambapo zamani moja lilizuia jingine. Kwa hivyo usishangae kumpata mteja anayetaka kila kitu kiwe kilekile na papo hapo anachoshwa na kilekile.

Mtumie maswali machache siku mbili kabla, kwa maandishi au kwa sauti, achague mwenyewe:

Ungependa niiteje hali yako, au nisiitaje kabisa?
Ukipewa maelekezo, unashika vizuri zaidi ukisikia, ukisoma au ukioneshwa?
Kitu gani chumbani hukuvuruga: kelele, mwanga, harufu, joto, watu kupita?
Saa zipi za siku akili yako hufanya kazi vizuri?
Ukilemewa, huwa inaonekanaje, na ungependa nifanye nini?
Ni njia gani ya kujipanga uliyoijaribu ikafaa kwa muda, kisha ikafa?

Swali la mwisho ndilo lenye mali. Karibu kila mtu mwenye ADHD ana kabati la daftari zilizoandikwa kurasa nne. Namna kila daftari lilivyokufa itakueleza ni kiungo gani hukatika: alisahau lipo, lilimchosha, alikosa siku moja akaona haya kulirudia, au lilikuwa zuri mno asithubutu kuliandikia vibaya.

Majibu haya ni habari nyeti. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu habari za afya katika kundi lenye ulinzi mkubwa zaidi, basi omba idhini ya maandishi, eleza utaziweka wapi na utazifuta lini. Na jambo dogo ambalo makocha wengi hulikosea: usihifadhi nambari ya mteja kwa jina lake likifuatwa na "ADHD". Simu huachwa mezani, huazimwa, huonekana ikilia.

Saa

Miadi ndiyo huvunjika kwanza. Kiswahili chahesabu saa kuanzia alfajiri, simu yahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "tuonane saa 4", mteja anayefikiri kwa Kiswahili atasikia asubuhi, lakini akiingiza 4 kwenye kalenda ya simu itamwita alasiri. Mtu ambaye kumbukumbu yake ya muda mfupi ni dhaifu hana nafasi ya kuibeba tafsiri hiyo kichwani huku akikusikiliza. Andika yote mawili kila mara, pamoja na siku na tarehe: Jumanne tarehe 12, saa 4 asubuhi, yaani 10:00. Kisha mtumie mwaliko wa kalenda ambao umeshajazwa. Usimwachie aujaze.

Baada ya hapo shughulikia saa ya kuondoka, kwa sababu mwenye ADHD hujua saa ya kufika na haioni ya kuondoka. Tuseme anatoka Likoni kuja Tudor. Ukimuuliza safari ni muda gani, atakupa dakika za siku moja nzuri aliyopata feri papo hapo na matatu ikajaa upesi. Mwambie apime safari tatu kwa saa ya simu, kuanzia anaposhika funguo hadi anapoketi. Chukua ile ndefu kuliko zote, ongeza dakika 15, hesabu kinyumenyume. Kisha aweke kengele mbili, na kila kengele ipewe jina la tendo: ya kwanza "vaa viatu", ya pili "toka mlangoni". Kengele iliyoandikwa "kikao" humkumbusha tu kwamba ana kikao, naye hufurahi kujua, akaendelea kutafuta chaja.

Kuchelewa kwa feri na kuchelewa kwa kutoona wakati ni mambo mawili, na mkataba wenu uyatenganishe. Kanuni inayofaa ni hii: akichelewa, kikao huisha saa ileile iliyopangwa, bila hotuba. Akiona atachelewa zaidi ya dakika 20, anaweza kukigeuza kuwa cha simu, hata akiwa foleni. Adhabu ya pesa haimfundishi mtu kuuona wakati. Humfundisha kuona haya, na mwenye haya hukacha kikao kizima.

Kengele zote huchuja. Baada ya wiki kadhaa sikio huuzoea mlio, mkono huuzima wenyewe. Mwambie mteja mapema kwamba hilo litatokea, na mpange tarehe ya kubadilisha mlio, mahali pa simu, au namna nzima. Asipoambiwa, atadhani amefeli tena.

Chumba

Pita chumbani kwako kabla ya mteja, zima simu, keti kwenye kiti chake dakika tano, usikilize. Pangaboi linalogonga kila mzunguko, jenereta ya jirani, honi za tuktuk, taa ya mrija inayopepesa: wewe umeshazoea, ubongo wake hauzoei. Pangaboi lipunguzwe kasi au likazwe skrubu. Taa ya mrija izimwe, mtumie mwanga wa dirisha wenye pazia jepesi. Mwekee mteja kiti kinachotazama mlango au dirisha kwa upande, chako kiwe pembeni yake badala ya kumkabili. Macho yasilazimishwe kukutana. Sisi wa pwani tuna bahati katika hili, kwani mtu anayeinamisha macho mbele ya mkubwa wake huonekana ana adabu, wala haonekani anaficha jambo.

Usifukize udi wala ubani siku ya kikao, na usijipake mafuta makali ya manukato. Twajua ni ukarimu. Kwa mtu ambaye pua yake haichuji, harufu hiyo hukaa mbele ya maneno yako yote.

Kiangazi cha Januari hadi Machi, kabla ya masika, joto na unyevu humchosha kila mtu, lakini humlemea zaidi anayehisi kila mshono wa shati. Weka vikao saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Weka jagi la maji, umimine bila kuuliza. Wapo wasiohisi kiu hadi kichwa kiume. Akichezea kalamu, pindo la leso au tasbihi yake mwenyewe, mwache. Mkono ukishughulika, sikio hutulia. Ila wewe usimpe tasbihi kama kichezeo.

Mteja asiyeweza kuketi na mwende mkitembea. Bustani ya Mama Ngina asubuhi na mapema inafaa: upepo, njia pana, watu wachache. Jioni za wikendi usiende, kumejaa watoto, muziki na harufu za mihogo ya kukaanga. Kwa mwenye usonji, kabla ya mara ya kwanza tuma picha ya jengo, ya ngazi na ya mlango, na sentensi tatu za kitakachotokea: utabisha, nitafungua mimi mwenyewe, tutaketi chumba cha kushoto. Ukilazimika kubadilisha chumba au siku, mjulishe saa 24 kabla.

Maneno

Hapa ndipo kocha Mswahili ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa kwingine, kwa kuwa lugha yetu imejaa mafumbo na tunayapenda. Twasema kwa methali, twajibu kwa maandishi ya leso, twakataa kwa kukubali. "Inshallah nitakupigia" yaweza kuwa ahadi, yaweza kuwa kukataa kwa heshima, na aliyezaliwa hapa hujua kwa sauti tu. Mtu mwenye usonji aweza kuwa amezaliwa hapahapa Kuze au Kibokoni na bado asiisikie tofauti hiyo. Neno lako kwake ni neno. Basi sema: "Nitakupigia Alhamisi baada ya alasiri, na nisipoweza nitakutumia ujumbe siku hiyohiyo." Ukitumia methali, ifuate na maana yake kwa lugha ya kawaida, bila kumfanya mtoto.

Salamu vilevile. Hujambo, habari za nyumbani, watoto, mzee anaendeleaje: ni heshima, usiiondoe, ila ukimuuliza mwenye usonji habari za nyumbani aweza kufikiri wataka habari kweli, akaanza kutafuta jibu sahihi, na dakika zako tano zikaenda. Mkubaliane mwanzoni. Wapo wanaopenda salamu kamili zisizobadilika, na wapo watakaoshukuru ukisema shikamoo au hujambo moja, kisha kazini.

Swali pana la ukocha, "unataka nini hasa?", huwafungia wengi. Lipunguze. Uliza jambo moja kwa wakati, lenye mahali na muda: "Wiki hii iliyopita, kazini, saa gani ulichoka zaidi?" Akikwama, mpe vitu vitatu achague, na cha nne kiwe "hakuna hapo". Kisha nyamaza. Hesabu polepole hadi kumi moyoni, na usilirudie swali kwa maneno mengine. Kwake hilo ni swali la pili, ataacha kulijibu la kwanza aanze upya. Kimya chake ni kazi, msikie anafanya kazi.

"Unajisikiaje?" nalo lina shida. Watu wengi wenye usonji, na baadhi ya wenye ADHD, hawapati jina la hisia kwa haraka. Uliza mwilini: kifua, tumbo, mabega, taya, kipi kimekaza, kutoka 0 hadi 10. Au uliza tendo: "Ungekuwa peke yako sasa hivi, ungefanya nini?" Atakayesema "ningelala gizani" amekupa jibu kamili.

Mwaka 2012 mwanazuoni Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: kila mmoja hamsomi mwenzake vizuri. Kwa kocha maana yake ni kwamba nusu ya kosa ni lako kulirekebisha. Uliza wazi: "Nilivyosema sasa hivi, umenielewa nimesema nini?", kisha umpe yeye nafasi akuulize vivyo hivyo.

Usimpeleke mtu kutoka mada hadi mada kwa kurukaruka. Dinah Murray na wenzake waliandika 2005 kwamba umakini wa mwenye usonji huelekea kumwagika wote kwenye mfereji mmoja, na kuuhamisha humgharimu. Basi ajenda iwe na vitu viwili, si vitano. Toa ilani kabla ya kugeuza: "dakika tatu zaidi kwa hili, kisha tuingie kwenye bei." Na kama mteja anajua kila kitu kuhusu meli zinazoingia Kilindini, usiione kama njia ya kukwepa kazi. Mifano yako ya kupanga foleni, kupakua na kuchelewa bandarini iko tayari, naye ataielewa kwa mara moja.

Lengo likifika chini

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu, maana ndipo mipango mingi hufia. Mteja aliyeajiriwa, mwenye ADHD, anasema: "Lengo ni kufanya ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni." Ndizo ripoti za kodi kwa mamlaka ya mapato. Lengo liko wazi, lina tarehe, lapimika. Na halitafanyika. Muulize hivi, na uandike mbele yake.

"Kitu cha kwanza kabisa utakachokishika kwa mkono ni kipi?"

"Laptop."

"Iko wapi sasa?"

"Kwa kaka yangu, Bamburi."

Kumbe hatua ya kwanza si ritani, ni laptop kutoka Bamburi. Endelea. Fomu ya P9, inayoonesha mshahara na kodi iliyokatwa, iko kwa nani? Kwa mhasibu wa kazini, hajaiomba. Nywila ya iTax, tovuti ya kujazia ritani? Ameisahau. Kiungo cha kuweka mpya kitakwenda barua pepe gani? Ile ya wakati wa chuo, ambayo nayo nywila yake hana. Hapo umeona: kabla ya ukurasa wa kwanza wa ritani kuna milango minne iliyofungwa, na mteja alikuwa akiiona yote kwa pamoja kama ukuta mmoja kila alipofikiria neno "ritani". Hakuwa mvivu. Alikuwa na kazi tano zilizovaa jina moja.

Hatua iliyo sahihi huanza na kitenzi cha mkono: fungua, tuma, beba, weka, piga. "Shughulikia", "fuatilia" na "jipange" si hatua. Kipimo chetu ni kwamba hatua ya kwanza isizidi dakika mbili na ifanyike palepale kikaoni. Ujumbe kwa mhasibu uandikwe mbele yako, utumwe, uone alama mbili. Kumpigia kaka kuhusu laptop vilevile. Mteja akiondoka, kazi imeshaanza, na kazi iliyoanza ni rahisi kuirudia kuliko ambayo haijaguswa.

Kwa hatua inayohitaji kukaa, panga kazi ya ubavuni. Mnapigiana simu ya video, kila mmoja anataja kwa sentensi moja anachofanya, mnazima sauti, mnafanya kazi dakika 25, mnafungua sauti na kusema mlipofika. Wewe fanya kazi yako ya kweli, usimtazame. Uwepo wa mtu mwingine humshika mwenye ADHD mahali ambapo nia peke yake haimshiki. Dakika 25 zikiwa nyingi anza na 10. Zikiwa chache usimkate aliyekolea, ila msimamishe kwa chakula.

Malengo ya kurudiwarudiwa yawe na ngazi tatu. Muuza madera wa mtandaoni, tuseme: siku mbovu picha moja, siku ya kawaida picha tatu, siku nzuri picha kumi. Ngazi ya chini huzuia siku moja iliyokosekana isiwe mwezi. Ngazi ya juu nayo ni dari, na dari ni muhimu kama sakafu, kwa sababu mtu huyu akishikwa na moto atapiga picha 40 usiku mmoja, alale saa 11 alfajiri, kisha asiguse simu ya duka wiki mbili.

Vigingi vya siku uvitafute katika maisha yake, usivilete wewe. Kwa anayeswali, wakati umeshagawanywa mara tano, na kwa kuwa Mombasa iko karibu na ikweta, nyakati hizo hazihami sana mwaka mzima. Magharibi haiendi mbali na saa 12 na nusu jioni. "Baada ya alasiri, kabla sijavua viatu, ninatuma bili" ni mpango imara kuliko "saa 10 na robo". Kwa asiyeswali, kigingi kiwe chai ya saa 4 au kufungua komeo la duka.

Kwenye karatasi na kwenye simu

Mwenye disleksia anayesoma Kiswahili aweza kukupotosha kidogo. Maandishi yetu husomwa yalivyoandikwa, kwa hivyo shida yake haionekani sana kwa makosa. Huonekana kwa mwendo. Anasoma sahihi, polepole, na akifika mwisho wa aya amesahau mwanzo. Mtu huyohuyo akisoma Kiingereza makosa humiminika, na ndicho alichochekewa shuleni. Maneno yetu marefu nayo humwelemea: "hawajatuandikisha" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Andika sentensi fupi, herufi za ukubwa wa 12 hadi 14 zisizo na mikia, nafasi ya mstari na nusu, ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa, karatasi ya rangi ya maziwa kuliko nyeupe inayong'aa ikiwa anaipendelea. Usimwombe kamwe asome kwa sauti mbele yako, wala ajaze fomu huku unamngoja.

Baada ya kila kikao tuma muhtasari siku hiyohiyo, mistari isiyozidi mitano: tulichoamua, hatua ya kwanza, lini, nani anafanya nini, kikao kijacho kwa saa zote mbili. Ukituma kwa sauti isizidi dakika moja na nusu, na uanze kwa kutaja mada. Usichanganye habari ya malipo ya M-Pesa na hatua za kazi katika ujumbe mmoja.

Usiandike kamwe "nataka tuzungumze" ukanyamaza. Wateja wengi wenye ADHD wameonywa na kukaripiwa maisha yao yote, na ujumbe kama huo huwanyima usingizi. Sema jambo lenyewe: "Nataka tubadilishe siku ya kikao, hakuna tatizo lolote." Ufuatiliaji wa katikati ya wiki uwe na majibu matatu tayari: nimeanza, sijaanza, nimekwama. Akijibu "nimekwama", swali lako ni moja: "Kwenye mlango gani?" Akinyamaza kabisa, subiri siku mbili, umtumie mlango wa kurudi usio na aibu: "Kikao cha Jumanne kiko palepale. Huna haja ya kueleza chochote, njoo ulivyo."

Nyumbani

Hapa kwetu kijana wa miaka 24 mara nyingi haji peke yake. Mama amelipa, mjomba amependekeza, na wote wanataka ripoti. Kaeni watatu mara moja, mwanzoni, mwandike ni nani mteja na ni nini mlipaji atajua. Tunapendekeza mlipaji ajue mahudhurio tu, basi. Mengine atayasikia kwa mteja mwenyewe akipenda. Mweleze Mama kwa heshima kwamba mwanawe akijua maneno yanatoka nje, atakuja kukaa kimya kwa pesa zake.

Wengine watakuambia ni jini, au husda, au amerogwa. Usibishane na imani ya mtu sebuleni kwake. Sema ulichonacho: "Kisomo cha Qurani ni chenu kuamua. Mimi nitamsaidia na saa na kazi." Familia iliyosikilizwa haimkatazi kijana kuja. Iliyodharauliwa hukataza. Kama wewe na mteja ni mwanamume na mwanamke wasio maharimu, mlango uwe wazi nusu au kikao kiwe pahali pa watu, na uliza kabla, maana mlango wazi huleta kelele, na utalazimika kutafuta saa ambayo ukumbini kumetulia.

Ramadhani huvunja kila ratiba mliyojenga. Daku, tarawehe, usingizi wa vipande viwili. Wiki mbili kabla, punguza malengo yote yabaki ngazi ya chini, hamisha vikao, na fupisha viwe dakika 30. Mteja anayetumia dawa za ADHD na anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Wewe usimshauri ameze lini.

Mahali pa kusimama

Kuna siku kazi si yako tena. Mteja anayezungumza kuhusu kufa au kutotaka kuamka, aliyekaa usiku kadhaa bila kulala na hahisi uchovu, anayesikia sauti, au aliyeacha kula, anahitaji mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Kwa yaliyo ya dharura, mpeleke hospitali ya rufaa ya Coast General au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz. Usimpe nambari ukamwacha. Kama hujui kama ataweza kupiga, piga naye mkiwa pamoja, sauti ikiwa wazi.

Jihadhari pia na uchovu wa mwenye usonji aliyeficha hali yake muda mrefu kazini. Huonekana kama uvivu wa ghafla: aliyezungumza vizuri anakosa maneno, aliyepika anashindwa kuchagua chakula, kelele alizozivumilia zinamliza. Kocha mwenye pupa atamwongezea malengo. Ondoa malengo, yote, mbaki na usingizi, chakula na kupunguza watu, na umuulize kama anataka kuonana na daktari.

Baada ya kikao cha tatu, uliza mambo matatu na uandike majibu: nini kiendelee, nini kiachwe, nini kinakukera ambacho hukutaka kukisema. Hilo la tatu mpe alijibu kwa maandishi, nyumbani. Wengi wamezoea kumpendeza mkubwa na hawatalisema usoni.

Mkataba ukikaribia kuisha, vikao visikatwe ghafla. Viachanishe kidogo kidogo: kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha mwezi. Katika kikao cha mwisho mtengeneze ukurasa mmoja wa mteja, kwa maneno yake: saa nzuri, mambo yanayomvuruga, kigingi kilichoshika, njia tatu zilizokufa na zilikufaje, na mtu wa kumpigia akikwama. Aupige picha, aiweke mbele kwenye simu. Wewe weka kwenye kalenda yako, si yake, ujumbe wa siku ya 30: "Hujambo. Sitaki ripoti. Ni njia gani bado ipo hai, na ipi imeshachuja?"